Kelele za Mkanda Si Kisingizio

Washikaji, kuna ugonjwa umeingia katika vikundi vyetu vya waandishi chipukizi, na mimi nimechoka kuunyamazia. Ukimwambia mtu hadithi yake haijaiva, hakujibu kwa hoja. Anakutajia bendi. "Mbona Guided by Voices walirekodi kwa mashine ya kaseti, kelele tupu, na leo watu wanawaheshimu? Uchakavu ndio ukweli, bwana. Ukisafisha sana unaua roho." Akishasema hivyo anakunja karatasi zake na kujiona ameshinda kesi.

Hajashinda. Hizo rekodi nimezisikiliza, tena si mara moja, na nasema waziwazi: wanaozitumia kutetea uvivu hawazijui.

Kwa wale ambao jina hili ni geni kwao, hii ni bendi ya roki ya mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Kiongozi wao, Robert Pollard, aliyezaliwa 1957, alikuwa mwalimu wa darasa la nne. Kazi hiyo aliifanya miaka 14. Mchana ubao na chaki. Ikifika jioni, gitaa na bia na marafiki wa mtaani. Kati ya 1987 na 1990 walitoa albamu nne kwa gharama zao wenyewe, na karibu hakuna aliyewasikia. Mwaka 1992 wakatoa ya tano, Propeller, nakala 500 tu, kila jalada limetengenezwa kwa mkono, hili halifanani na lile. Pollard alidhani hapo ndipo safari inaishia. Leo nakala moja ya zile 500 imewahi kuuzwa kwa maelfu ya dola.

Safari haikuishia hapo. Lebo ndogo ya Scat, ya Cleveland, iliwachukua, na mwaka 1994 ikatoa Bee Thousand: nyimbo 20 ndani ya dakika 36 hivi. Mwalimu wetu alikuwa na miaka 36. Mkumbuke hilo, nyinyi mnaolia kwamba mna miaka 23 na hamjawa maarufu.

Sasa tuizungumze hiyo mashine, maana wengi wanaisifia bila kujua inavyofanya kazi. Ni kirekodi cha kaseti chenye njia nne. Kaseti ya kawaida ina upande wa kwanza na wa pili, na kila upande una njia mbili, kushoto na kulia. Mashine hii inazitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja. Unaweka ngoma njia ya kwanza, gitaa ya pili, besi ya tatu, sauti ya nne. Ukitaka kuongeza kitu, unazichanganya njia tatu na kuzihamishia kwenye moja, ndipo unapata nafasi. Lakini kila uhamisho unaongeza ule mvumo wa mkanda. Ndiyo maana nyimbo nyingine zinasikika kana kwamba jirani anapiga gitaa nyuma ya ukuta. Katika Hardcore UFOs, wimbo unaofungua Bee Thousand, gitaa linapotea katikati kisha linarudi. Waliliacha vilevile.

"Umeona!" atasema rafiki yetu. "Waliliacha!"

Ngoja kwanza, ndugu yangu. Hawa watu hawakuanza na kaseti. Rekodi yao ya kwanza, Forever Since Breakfast ya 1986, waliifanya studio. Studio unalipia muda. Saa inakukodolea macho, na fundi anakukodolea macho, mwisho unapiga kwa woga wimbo ambao nyumbani uliupiga kwa raha. Wakarudi vyumba vya chini ya nyumba na gereji, wakiwa na mashine ambayo haidai pesa kila saa inapogonga. Mwenzake Pollard, Tobin Sprout, naye mtunzi na mwimbaji, ndiye aliyesimamia mashine hiyo katika rekodi nyingi. Mashine ya bei rahisi haikuwapa ruhusa ya kuacha kazi nusu. Iliwapa nafasi ya kufanya kazi nyingi.

Nyingi kiasi gani? Mwaka 2000 ulitoka mkusanyiko unaoitwa Suitcase, yaani sanduku la safari. Ndani yake mna nyimbo 100 ambazo zilikuwa hazijatolewa. Mwaka 2005 likaja sanduku la pili, nyimbo 100. Mwaka 2009 la tatu. Mwaka 2015 la nne. Piga hesabu mwenyewe: nyimbo 400 zilizobaki nje ya albamu. Hata Bee Thousand yenyewe ilipangwa na kupanguliwa mara kadhaa, nyimbo zikaingia na kutoka, mpaka Robert Griffin, mwenye lebo ya Scat, akasaidia kupata mpangilio wa mwisho. Toleo refu lililotoka 2004 linaonyesha mpango wa awali: ulikuwa mrefu zaidi, na nyimbo zilizoachwa si chache.

Najua jibu linalokuja: "Lakini baadaye si alizitoa zote? Basi haamini katika kutupa." Alizitoa, ndiyo. Alizitoa akiwa ameshajulikana, na jina kamili la lile sanduku la kwanza linazungumzia majaribio yaliyoshindwa. Mwenyewe kaziita hivyo! Wakati anapanga Bee Thousand zilikaa sandukuni. Wewe sanduku lako liko wapi? Una hadithi tatu maishani mwako, na zote tatu unataka zichapwe toleo lijalo.

Tena sikiliza kinachofanyika ndani ya zile kelele. Nyimbo nyingi hazifiki hata dakika mbili na nusu. Wimbo unaingia, unasema neno lake, unaondoka kabla hujamkaribisha kiti. Hakuna kurefusha, hakuna kiitikio mara sita ili mradi dakika zitimie. Na ukishausikia mara mbili, unaweza kuuimba bafuni. Sauti ni chafu, lakini wimbo wenyewe ni msafi. Linganisha na hizi hadithi zetu "za ukweli mtupu", ambapo mhusika anaamka ukurasa wa kwanza na mpaka ukurasa wa nane bado anatafuta kandambili.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Mkanda wenye mvumo, kwetu sisi waandishi, ni karatasi. Ni wino uliofifia wa mashine ya fotokopi, ni jalada lililobandikwa kwa gundi, ni pini ya stepla iliyokaa upande. Hayo yawe chakavu kadiri ya mfuko wako, hakuna atakayekudai. Wimbo kwetu ni sentensi. Sentensi haihitaji pesa. Kuifuta ni bure na kuiandika upya ni bure. Inahitaji tu ukae chini usiku mwingine mmoja. Mtu anayeleta sentensi chakavu akasingizia umaskini anawatukana maskini.

Lakini msidhani nimewasahau watu wa upande wa pili. Kuna wakubwa wanaotuambia tusubiri. Mimi nina riwaya, madaftari saba yamejaa mwandiko. Mchapishaji mmoja, ambaye sitamtaja, aliniambia nikaichape kwanza, halafu niongeze mchango wangu wa gharama za uchapaji, halafu "tutaangalia". Hata daftari moja hakulifungua. Mwingine anasema kijana aliyeishia sekondari atulie kwanza, asome, apate shahada, ndipo aandike. Hawa nao wanasema uongo uleule kwa mdomo mwingine. Rafiki yetu mvivu anaona karatasi mbaya zinatosha kuwa sanaa. Mkubwa wetu anaona karatasi mbaya haziwezi kuwa sanaa. Wote wawili wanaitazama karatasi. Hakuna anayesoma.

Huyo mkubwa nampa Propeller: mwalimu wa shule ya msingi, nakala 500, majalada ya mkono. Kama angemngojea mtu wa kumfungulia studio nzuri, angestaafu na nyimbo zake kichwani. Wahenga walishasema, mchagua jembe si mkulima. Nami naongeza kwa ajili ya yule rafiki yetu: mwenye jembe bovu asiyelima, naye si mkulima. Anashika jembe tu.

Kuna ushahidi mwingine. Mwaka 1999 bendi hiyo ilitoa Do the Collapse, imerekodiwa studio na Ric Ocasek, sauti imepigwa pasi ikanyooka. Baadhi ya mashabiki walinuna, wakadai roho imetoka. Mimi sijasema kila albamu safi ni bora. Ninachosema ni kwamba wapo watu ambao miaka yote hiyo hawakuwa wanapenda nyimbo, walikuwa wanapenda vumbi. Vumbi lilipofutwa, wakabaki hawana la kupenda. Tusiandike kwa ajili ya watu hao, na tusiwe wao.

Kwa hiyo napendekeza sheria moja kwa vikundi vyetu. Anayeleta hadithi mkutanoni asiulizwe ameichapa kwa nini, wala ana cheti gani, wala karatasi ameitoa wapi. Ailete hata nyuma ya risiti ya duka. Aulizwe swali moja tu: ni ngapi umeziacha nyumbani ili hii ije? Akijibu hakuna, arudishiwe kwa heshima, aende akajaze sanduku. Mimi nitaanza. Toleo lijalo naleta sura moja ya riwaya yangu, imeandikwa kwa mkono, na ninyi muwe na ruhusa ya kunihesabia zilizoachwa.