Chakula cha Mtoto Mwenye Usonji si Suala la Adabu

Kwetu Unguja mtoto hulelewa kula sinia moja na wenziwe, kutanguliza bismillahi na kutokidharau chakula alichokirimiwa. Malezi haya ni mema. Lakini mwalimu akiyafanya kuwa ndiyo mizani pekee ya kumpimia kila mtoto, atamdhulumu mtoto mwenye usonji.

Mtoto huyu aweza kula wali mweupe mtupu, akaukataa mara tu uguswapo na mchuzi. Aweza kutaka boflo kavu siku zote na kuikimbia harufu ya samaki. Wengi husema amedekezwa. Sivyo. Daktari Leo Kanner, alipoandika huko Marekani mwaka 1943 habari za watoto 11 wa namna hii, alieleza kuwa sita kati yao walikuwa na taabu kubwa ya kula tangu uchangani. Tena mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliingiza katika dalili za usonji hisi zinazopokea mambo kwa kuzidi au kwa kupungua. Ulaini, harufu, rangi na joto la chakula, mambo ambayo sisi hatuyajali, kwake huwa adha ya kweli.

Kwa hiyo naona kuwa kumlazimisha ni kosa la kiualimu. Mtoto atapaliwa, atatapika, na kesho ataiogopa skuli yenyewe.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, saa ya mapumziko nayo ni somo. Kwanza, muulize mzazi mtoto hula nini nyumbani, uandike. Pili, mwache aketi na wenziwe wachache, mbali na kelele na harufu za bajia zijazazo uwanja wa skuli, Bububu na kwingineko, ale chakula chake mwenyewe. Tatu, weka kipande kidogo cha chakula kigeni kando ya chakula chake, si juu yake: leo akitazame, wiki ijayo akiguse, baadaye akionje akipenda. Nne, akizidi kupunguza aina za vyakula, akikonda, au akila udongo na chaki, washauri wazazi wampeleke kwa daktari bila kuchelewa.

Watakuwapo watakaosema kuwa huku ni kuvunja nidhamu. Nawajibu: mtoto aketiye na wenziwe akila mkate wake kwa utulivu amekwisha jifunza nusu ya adabu ya chakula. Aliyeshindiliwa tonge kwa nguvu hajajifunza ila hofu.