WANAMAJI WA AKIBA NI NANI?

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza Rubafu ni wapi, na yahusu nini gazeti la visiwani. Rubafu ni kata ya Wilaya ya Bukoba, kaskazini ya mji wa Bukoba, katika ukingo wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Wenyeji wake ni Wahaya, wenye migomba na mibuni nyuma ya nyumba zao na ziwa mbele yao. Kinachowatenga na watu wa Nungwi au Kojani ni chumvi tu. Wao wasemapo mwalo, sisi twasema diko. Tumeanza na Rubafu kwa sababu jambo tulitakalo kulisema leo laonekana wazi zaidi likitazamwa kutoka huko, mbali na bandari kubwa na mbali na manowari.

Dola yenye jeshi dogo la majini haina budi kuwa na wanamaji wa akiba, na kuwafundisha wakati wa amani. Waingereza, pamoja na utajiri wao, walilijua hilo. Kufikia zama za Vita Vikuu vya Pili walikuwa wameunda vikosi vya wanamaji wa kujitolea Kenya, Tanganyika na hapa Zanzibar. Kisha likaja Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki, makao yake Mombasa, ambalo lilivunjwa mwaka 1962. Manowari yake ya mafunzo iliitwa Rosalind, na yafaa ikumbukwe kwamba Rosalind iliundwa kwa umbo la meli ya uvuvi.

Hatuulilii ukoloni. Sisi wa visiwani ndio wa mwisho kuzililia manowari za kigeni zilizokuja kutia nanga kwa jina la amani. Tarehe 27 Agosti 1896 kruza St George na wenzake ziliipiga mizinga kasri kwa muda usiofika saa moja, watu wetu kiasi cha 500 wakauawa na kujeruhiwa, na Glasgow, meli ya Sultani, ikazama mbele ya mji. Milingoti yake ilibaki ikichomoza majini miaka mingi, kila mwenye kuja forodhani akiiona.

Wala kruza hizo hazikuwa kinga madhubuti. Mwezi wa Juni 1914 Wajerumani waliileta Königsberg Dar es Salaam, na watu wa mrima wakastaajabia ile waliyoiita manowari na bomba tatu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba mwaka huo huo bomba hizo tatu zilionekana hapa Unguja. Kruza ya Kiingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga, mitambo yake inatengenezwa, haiwezi kwenda mbele wala nyuma. Ilipigwa hapo ilipo. Wanamaji wake zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yako Chapwani hadi leo. Ulinzi wote wa bandari ulikuwa umewekwa katika chombo kimoja, na siku ya haja chombo hicho kilikuwa kiwandani, kwa namna ya kusema.

Ziwani mambo yalikuwa mengine. Huko hapakuwa na kruza hata moja, basi Waingereza walizitwaa meli za abiria na mizigo za Reli ya Uganda, wakazitia mizinga, na mwezi wa Juni 1915 zikawachukua askari kutoka Kisumu hadi Bukoba kuishambulia. Hila hiyo haikuwa ya heri kwa watu wa Bukoba, ambao mji wao uliporwa. Lakini yathibitisha kwamba nguvu ya majini hupatikana kwa vyombo na watu waliopo tayari, mradi mtu amewahesabu na kuwapanga mapema.

Je, leo nani amewahesabu watu wa mialo?

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Meli ilikaa kifudifudi juu ya maji, ndani yake mkiwa na watu wazima wakigonga bati. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiielekeza meli ikatoka, nayo ikazama. Hatulitaji hilo kwa kuwalaumu wale waliotoboa, maana walifanya walilodhani ni jema. Twalitaja kwa sababu ndiyo gharama ya kutofundishwa. Wapiga mbizi waliitwa kutoka Afrika Kusini, na kazi yao ikawa kutoa maiti. Miaka 15 baadaye, tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, wapiga mbizi waliitwa kutoka nchi ile ile. Mwaka uliofuata tukapoteza Skagit karibu na Chumbe. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, na kulipokuchwa kazi ya kutafuta ikasimamishwa mpaka asubuhi.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Waliotangulia kufika ni wavuvi, kwa mitumbwi yao, na waliivuta ndege kwa kamba pamoja na watu wa pwani. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafa. Kijana mmoja mvuvi alisifiwa nchi nzima, akapewa shilingi milioni moja, na ikaamriwa aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tulifurahi kwa ajili yake. Lakini tazameni maana ya kitendo hicho: katika wavuvi wote waliojitosa, Serikali ilimchukua mmoja ikamtoa ziwani, na waliobaki ziwani ikawapa makofi.

Twaambiwa kuna Kamandi ya Wanamaji yenye kambi yake Kigamboni, na huku kwetu kuna KMKM. Ni kweli, na vijana wa KMKM wamefanya kazi ya kushukuriwa. Lakini bahari haingojei mashua ya doria ifike kutoka mjini, na kutoka Kigamboni hadi Rubafu ni nchi nzima. Twaambiwa pia kuna mgambo, nao ni akiba ya taifa. Kijana wa Rubafu akiingia mgambo atafundishwa kwata na kubeba bunduki. Tungependa kujua ni adui gani atakayemkuta akitembea kwa miguu juu ya ziwa.

Wako wasemao kwamba raia asiye na mafunzo huleta hasara kubwa kuliko faida. Hoja hiyo ni yetu, wala hatuwaachii wao. Serikali yamjua mvuvi vizuri sana inapotaka leseni na inapochoma nyavu. Kuna vikundi vya usimamizi wa fukwe vyenye majina ya watu na vyombo vyao. Daftari ya akiba basi imekwisha andikwa, limebaki kusudi lake. Kila mwaka, upepo unapokuwa mbaya na vyombo viko pwani, wafundishwe kwa siku chache namna ya kukikaribia chombo kilichopinduka bila ya kukizamisha, kumrudishia pumzi aliyekunywa maji, kutumia redio, na kupokea amri ya mtu mmoja. Kila mwalo na kila diko liwekewe kamba ndefu, makoti ya kuokolea, taa za usiku na akiba ya mafuta ya mashine. Mvuvi aliyeitwa kazini alipwe siku yake na nyavu alizoziacha, na akifa majini watoto wake wahesabiwe watoto wa askari.

Wawakilishi wetu watalipeleka jambo hili Barazani. Ili wasende mikono mitupu, makatibu wa matawi ya Nungwi, Mkokotoni, Kizimkazi, Kojani, Wete na Mkoani watuletee kabla ya kusi hesabu ya kila diko: vyombo vyenye mashine, makoti ya kuokolea yaliyopo na yanayofaa, na majina ya nahodha walio tayari kuitwa usiku.