Gereji Si Sebule
Inaniuma kuona gereji ya nyumbani ikiwekwa vigae juu ya zege lenye madoa ya oili, kwa imani kwamba gundi itashika. Haishiki. Doa lisuguliwe kwa sabuni kali; likigoma, zege lichongwe kwa tindo mpaka lionekane safi. Zege jipya nalo lisubiriwe siku 28 likomae. Lakini kinachoharibu zaidi ni kubandika kila kigae kwa mabonge matano tu ya gundi, manne pembeni na moja katikati. Gonga kigae hicho kwa mpini wa bisibisi, utasikia uwazi chini yake, na hapo ndipo tairi litakapokipasua. Mwambie fundi atumie mwiko wa meno, gundi ienee chini ya kigae kizima, na sakafu iteremke kidogo kuelekea mlangoni, maana gari huingia na maji ya mvua.