Kasongo na Kabambare: tubakishiwe pori karibu na muji



Kila mutu wa Kasongo anamujua okapi: yuko kwenye noti ya 1000 franka. Geuza noti ile, utakuta kasuku. Lakini nani kati yetu amekwisha kumuona okapi kwa macho? Wengi wetu tumemaliza universite, tuko na diploma mu kabati na hatuna kazi, na hatujaingia hata siku moja pahali panapolindwa nyama wa pori.

Na tuko watu wa Maniema! Parki ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016, sehemu yake iko mu jimbo letu. Mule munaishi tembo, bonobo, okapi, na lesula, tumbili ambaye wanasayansi walimutangaza mwaka 2012, hali wawindaji wa kule walikuwa wanamujua zamani. Lakini ni mbali, barabara munazijua, na mwanafunzi hana pesa ya safari. Huku karibu na muji, pori linaisha juu ya makala, mashamba na parseli.

Historia yetu inatuonyesha bei ya pori linalouzwa bila raia kuulizwa. Karne ya 19, wakati wa Tippu Tip, pembe za tembo zilitoka Kasongo kwenda pwani mu mabega ya watumwa. Tembo na watu waliondoshwa pamoja.

Kuna watakaosema: watu wana njaa, nyinyi munaongea tumbili. Tuangalie Nairobi. Pori la Karura, ndani ya muji ule, wakubwa walikuwa wameanza kuligawa kwa wajenzi. Mwezi wa kwanza 1999, Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda miti pale, wakapigwa. Wanafunzi wa universite wakaingia mu barabara. Pori likabaki. Leo watu wa Nairobi wanalipa kuingia, wanatembea, wanaendesha baiskeli, wanaona mbega mu miti. Kuna vijana wanaokula kwa kazi za pale. Raia ndio walioliokoa.

Tunajua pia upande mwingine. Miaka ya 1970, Watwa walifukuzwa mu Kahuzi-Biega, na kidonda kile hakijapona mpaka leo. Hatutaki vile. Mama anayeuza makala si adui yetu.

Kifungo cha 53 cha Katiba kinampa kila mutu haki ya mazingira safi. Kwa hiyo tunadai:

1. Viongozi wa Kasongo na wa Kabambare, pamoja na ICCN na mashefu wa kimila, waweke mipaka ya kipande cha pori kilichobaki karibu na kila muji, mbele ya raia wote, na parseli zisiuzwe mule.

2. Watu wanaoishi kwa makala wapewe pahali pa kupanda miti ya kuni mbele ya kukatazwa kukata.

3. Masomo yapeleke watoto pale, na kazi ya kuongoza wageni na kulinda ipewe vijana wa pale pale.

Na wewe unayesoma, usingoje serikali. Wiki hii zunguka kartie yako, andika ni pori gani limebaki, nani analikata, nani analiuza. Leta mu mkutano wetu. Parseli ikishauzwa na nyumba ikajengwa, hakuna maandamano yatakayorudisha muti.