Matola alipikwa Iringa, Njombe itampika kocha gani?

Msimu wa 2017/18 Nyanda za Juu Kusini zilichangamka. Lipuli ya Iringa na Njombe Mji zilipanda Ligi Kuu pamoja, na Uwanja wa Saba Saba mjini Njombe ukaanza kupokea vigogo. Yanga walifika Septemba 2017 wakaondoka na ushindi wa bao 1-0, mfungaji Ibrahim Ajib.

Mwisho wa msimu hesabu ikawa chungu. Timu mbili tu zilishuka, kwa sababu ligi ilikuwa inapanuliwa kutoka timu 16 hadi 20. Mbili hizo ni Majimaji ya Songea na Njombe Mji. Lipuli wakabaki.

Wengi waliona Njombe imepoteza mechi za Simba na Yanga tu. Kumbe kuna kingine kilichoondoka, na hakizungumzwi sana: darasa la makocha wazawa. Ukitaka kuelewa, mtazame Selemani Matola.

Kiungo aliyeona mbali

Matola alikuwa kiungo na nahodha wa Simba. Alikuwa kwenye kizazi cha 2003 kilichowavua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa penalti, palepale Cairo. Baadaye akaenda Afrika Kusini kucheza SuperSport United.

Alipotundika daluga hakupewa timu kubwa. Alianza na vijana wa Simba. Nafasi ya kuonyesha kwamba anaweza kubeba timu ya Ligi Kuu mwenyewe aliipata Iringa.

Msimu wa 2018/19, akiwa kocha mkuu wa Lipuli, 'Wanapaluhengo' waliifunga Yanga 2-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, Uwanja wa Samora. Fainali ilipigwa Lindi, Azam wakashinda 1-0. Kombe hawakulipata, lakini nchi nzima ilishamwona kocha.

Desemba 2019, baada ya kupita Polisi Tanzania, Simba wakamrudisha nyumbani kama msaidizi wa Sven Vandenbroeck.

Msaidizi wa kila zama

Hapo ndipo penye mjadala. Sven akaondoka, akaja Didier Gomes, kisha Pablo Franco. Makocha wanabadilika, Matola yupo. Pablo alipoondoka mwishoni mwa Mei 2022, Matola ndiye aliyemalizia msimu. Novemba 2023, Robertinho alipotimuliwa baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga, aliitwa tena kusaidia kuziba pengo.

Yaani nyumba ikiungua, mzawa anaitwa kuzima moto. Moto ukizimika, funguo anapewa mgeni.

Sababu moja ni presha ya klabu kubwa: jina la kigeni huwapoza mashabiki kwa muda. Nyingine ni leseni, na hii haichagui uraia. Oktoba 2021 Gomes mwenyewe alizuiwa kukaa kwenye benchi mechi za CAF kwa sababu ya vyeti, Simba wakatolewa na Jwaneng Galaxy, naye akaachia ngazi.

Lakini leseni bila mechi ni karatasi. Septemba 2022 Simba walipompigia simu Juma Mgunda, walimtoa Coastal Union ya Tanga, timu ya mkoani aliyokuwa akiiongoza mwenyewe. Akaifikisha Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kwa nini Njombe ijali

Kocha mzawa hujifunza kuamua akiwa mikoani, kwenye timu yenye bajeti ndogo na safari ndefu. Timu ya mkoa ikishuka, mlango mmoja wa kujifunzia unafungwa. Lipuli nao walishuka 2020, msimu uliofuata baada ya Matola kuondoka. Kwa hiyo Iringa na Njombe, zilizokuwa mkoa mmoja hadi 2012, zote zikabaki bila timu zile zilizopanda nazo 2017.

Kocha mzuri peke yake haitoshi, Lipuli wameonyesha hilo. Ila kuna hatua isiyosubiri mfadhili wa mabilioni: kuwasomesha wachezaji waliostaafu.

Makambako inafaa kuwa kituo. Ni njiapanda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakutana hapo na ile ya Songea, na treni ya TAZARA inasimama. Kozi za leseni za awali zikipelekwa pale, viungo wa zamani wa Njombe, Iringa, Ruvuma na Mbeya watafika kwa nauli ya basi tu, bila kulazimika kulala Dar wiki nzima.

Njombe ina mbao, chai, viazi na parachichi, kwa hiyo hela inazunguka. Siku timu yake itakaporudi Ligi Kuu, swali la kwanza litakuwa nani anakaa kwenye benchi. Jibu linaandaliwa sasa, timu ikiwa bado haijapanda.