Homa Iliyorudi Baada ya Mafua

Kila masika yaingiapo, swali moja hutufikia kutoka kwa kina mama wengi. Mtoto aliugua mafua, homa ikampanda siku mbili tatu, ikashuka, akacheka na kunyonya vyema. Kisha ghafla mwili ukawaka tena. Je, ni homa ile ile?

Homa ya virusi ikipanda na kushuka katika siku zake za mwanzo, hasa usiku, hiyo ni homa moja inayofuata mwendo wake. Lakini mtoto akikaa siku nzima au zaidi bila joto wala dawa, kisha joto likarudi, tuihesabu kuwa homa mpya yenye kutafutiwa sababu yake. Huenda ni virusi vingine, kwani mtoto mdogo aweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Huenda pia ni bakteria waliopata nafasi sikioni au mapafuni, au walio katika njia ya mkojo, ambao huleta homa pasipo kikohozi.

Nasi tuishio pwani tuna malaria. Kwa hiyo kila homa inayorudi ipimiwe damu, hata kama kipimo cha wiki iliyopita hakikuonyesha kitu. Kuna na jambo ambalo kina mama wengi hawaelezwi: kile kipimo cha haraka cha tone la damu chaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa akapona. Muuguzi aambiwe tarehe ya dawa ya mwisho, ili damu itazamwe kwa hadubini.

Tarehe hizo ndizo hupotea. Bibi asema homa ilianza Jumanne, baba asema Alhamisi, na daktari hubaki kukisia. Twapendekeza daftari dogo kando ya kitanda: saa, kiwango cha joto, dawa aliyopewa, mara alizonyonya, nepi zilizolowa. Kipimajoto cha kwapani kikifika nyuzi 37.5, hiyo ni homa. Kiganja pajini hudanganya, khasa cha mama atokaye jikoni.

Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 8 hapiti miligramu 120 kwa mara moja. Tahadhari iko kwenye chupa, maana moja hubeba miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine 250 katika kiasi kile kile. Kijiko cha chai kisitumike. Aspirini asipewe kabisa, na antibiotiki iliyobaki kwa kaka yake isiguswe. Haiui virusi, na yaweza kuficha ugonjwa ambao daktari angeutambua.

Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Jina lake limewafanya wengine wamtafute mganga kwanza. Mtoto alazwe ubavu, asitiwe kitu kinywani, na apelekwe hospitali. Dua isomwe njiani.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa hangoji asubuhi, wala hapewi dawa ya kushusha homa kabla ya kuonwa. Vivyo hivyo yule asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa kasi mbavu zikiingia ndani, aliyelegea asiamke, au ambaye utosi wake umevimba. Hapo lichukuliwe daftari na kitabu cha kliniki, mtoto afungwe kwa leso nyepesi, na safari ianze usiku huo huo.