Fundi, Toa Povu Lako Kwenye Waya za Inkubeta

Ndugu wafugaji, leo sina maneno laini. Mafundi wanaowauzia inkubeta zilizojazwa povu la kopo mpaka kwenye waya wanawauzia moto ndani ya nyumba.

Nazungumzia povu lile la mafundi wa aluminiamu, la kuziba nyufa za madirisha. Fundi analipuliza ndani ya boksi, linaumuka kama maandazi, na likikauka linashikilia holda ya balbu, waya na themostati bila skrubu hata moja. Kazi ya nusu saa, pesa mkononi. Juzi nilifungua mashine moja ya mfugaji aliyepoteza trei mbili za mayai. Povu lililozunguka holda lilikuwa limegeuka kahawia, na ganda la waya lilibanduka nilipoligusa.

Kazi ya povu ni kuzuia joto lisitoke. Waya wa kawaida umetengenezwa kuhimili nyuzi 70 hivi, wakati kioo cha balbu ya wati 60, ile ya kutoa joto, kinapita nyuzi 100. Ukiufukia waya humo, joto halina pa kwenda. Kiungo kikilegea hukioni wala hukikazi. Na povu likishika moto linaungua haraka, moshi wake una sumu, sianidi ikiwemo. Wengi wenu mashine mnaiweka chumba cha kulala!

Fundi atakuonyesha kopo lililoandikwa kwamba linazuia moto. Hilo ni la ufa mwembamba ukutani, si la kushikilia balbu kwa siku 21.

Halafu matundu ya hewa. Povu huendelea kuumuka fundi akishaondoka. Likiyaziba, vifaranga wanafia ndani ya ganda siku za mwisho, nawe unamlaumu jogoo.

Povu lenyewe silikatai. Likiwekwa katikati ya plaiwudi mbili za ukuta wa mashine linatunza joto vizuri, umeme ukikatika mayai hayapoi upesi. Lipulizwe kwa tabaka nyembamba, mbali na jiko maana gesi ya kopo inashika moto, liachwe mpaka kesho yake. Lakini holda iwe ya kauri, ifungwe kwa skrubu kwenye kipande cha bati, na viungo vya waya vikae nje, kwenye kisanduku kinachofunguka.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi akifungue akuonyeshe kila kiungo. Akisema hakifunguki, mwachie mashine yake.